Trekta Lilipozimika Kabla ya Mvua

Mama Pacha alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, mahali penye mwanga, na kutoka pale alimwona kila aliyepita njiani. Wiki ile watu walikuwa wengi kuliko kawaida, na wote waliuliza jambo moja.

"Mama Pacha, zamu yangu ya kulimiwa ni lini?"

"Wewe ni wa nne," alijibu. Au, "Wewe ni wa tisa, vumilia kidogo."

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Kila mtu alitaka shamba lake liwe tayari kabla ya mvua. Katika eneo lile matrekta yalikuwa mawili tu, na moja lilikuwa la familia yake. Lilikuwa kuukuu na rangi yake imebabuka, lakini ndilo lililowalisha. Ndilo lililowasomesha mapacha wao, wasichana wa miaka tisa.

Mumewe, Baba Pacha, ndiye aliyetafuta kazi na kupatana bei. Aliyeendesha alikuwa mdogo wake Mama Pacha. Mapacha walimwita mjomba, basi mtaa mzima nao ukamwita Mjomba, hata wazee waliomzidi umri mara mbili.

Wiki ile Baba Pacha hakutulia. Alitoka shamba hili akaingia lile. Alitazama juu, akatazama simu, akatazama tena juu.

"Unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia," mkewe alimwambia. "Kaa chini kidogo."

"Nikikaa, mvua nayo itakaa?" alijibu, akaondoka.

Siku ya Jumanne, saa sita mchana, Mjomba alirudi nyumbani kwa miguu. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa oili. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetoka kuzika.

"Dada," alisema, "trekta limezimika shambani. Injini imenoki."

"Imenoki maana yake nini?"

"Imekaza. Nilikuwa nalima, nikaona nguvu zinapungua. Nikasikia harufu ya kuungua. Nikasema nimalize mstari huu mmoja, halafu nishuke nitazame. Kabla sijafika mwisho, ikakwaruza ndani kwa ndani, ikasimama ghafla. Sasa haizunguki hata kidogo. Ni kama jiwe."

Mama Pacha aliacha gauni la watu kwenye cherehani, wakaenda pamoja.

Baba Pacha alikuwa amefika tayari. Alikuwa analizunguka trekta, anagusa hapa, anagusa pale. Pembeni yake alisimama fundi mmoja wa barabarani. Watu walimwita Chapchap, kwa sababu kazi zote alizimaliza haraka, hata zile zilizotakiwa kwenda polepole. Chapchap alikuwa ameita lori na kufunga kamba.

"Tulivute kwa nguvu," alisema. "Likisukumwa na magurudumu, injini itashtuka iwake."

Lori lilivuta. Magurudumu ya nyuma ya trekta hayakuzunguka. Yaliburuzwa tu kwenye udongo, kama mbuzi anayekataa kwenda sokoni. Walijaribu mara mbili, kisha kamba ikakatika.

Chapchap alijifuta jasho. "Basi, tusidanganyane. Injini hii imekufa. Ninajua mahali penye injini nyingine, ya mtumba, lakini bado ina nguvu. Bei yake ni kama ng'ombe sita, pamoja na kuifunga. Ila nataka nusu leo, maana kuna mtu mwingine anaitaka."

"Umeifungua hii ukaona kilichoharibika?" aliuliza Mama Pacha.

"Mama, fundi mzoefu hana haja ya kufungua. Anasikiliza tu."

"Anasikiliza nini, na injini haiwaki?"

Chapchap alijifanya anakunja kamba yake.

Baba Pacha alimgeukia shemeji yake. "Umeiua riziki yetu," alisema. "Watu kumi na mmoja wananisubiri. Nitawaambia nini?"

Mjomba aliinamisha kichwa. "Nisamehe, shemeji. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti. Nitauza pikipiki yangu."

Pikipiki ile aliinunua kwa jasho la miaka miwili. Msimu wa kulima ukiisha, alibebea abiria, na ndivyo alivyokula. Baba Pacha alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno. Kisha akaufunga, akatazama mawingu.

Jioni nyumbani, Baba Pacha alizunguka chumbani huku akihesabu kwa vidole. "Tuna ng'ombe wawili. Pikipiki ni kama ng'ombe watatu. Wa sita atapatikana tukiuza mabati ya chumba kipya. Kesho asubuhi nampelekea Chapchap."

"Baba Pacha," mkewe alisema, "mteja akiniletea kitambaa, nampima kwanza ndipo nakata. Huyu fundi wako anataka kukata bila kupima. Akikosea, kitambaa ni chetu, siyo chake."

"Unataka tufanye nini? Tukae tu?"

"Nipe siku moja. Nitakwenda kwa Mama Spana."

Mama Spana alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika karakana ya shamba kubwa la miwa. Sasa alitengeneza pampu za maji na mashine za kusaga. Asubuhi iliyofuata, Mama Pacha alimkuta amelala chali chini ya mashine ya kusaga, miguu tu ndiyo inaonekana. Akaisalimia ile miguu, akaisimulia habari yote.

"Ilipozimika, mliimwagia maji baridi?" sauti iliuliza kutoka chini.

"Hapana."

"Mmefanya vizuri. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka. Mlilivuta?"

"Walilivuta. Mara mbili."

Mama Spana alijiburuza akatoka nje. Nywele zake zilikuwa zimejaa unga. "Basi Mungu anawapenda, kama hakuna kilichovunjika. Injini iliyokaza hailazimishwi. Ukiilazimisha, kilichoharibika kidogo unakiharibu kabisa. Twende nikaione."

Shambani, Mama Spana hakugusa spana kwa muda mrefu. Kwanza alitazama. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena.

"Njoo uone," alimwambia Mama Pacha. "Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameingia ndani. Hii haina rangi hiyo. Lakini ni kidogo, na inanuka kuungua."

Alifungua kifuniko cha rejeta. Ndani hapakuwa na maji. Mpira wa chini, unaopitisha maji, ulikuwa na ufa. Uso wa rejeta ulikuwa umejaa nyasi, makapi na vumbi, kama godoro lililoshindiliwa.

"Rejeta ndiyo pua ya injini," Mama Spana alisema. "Upepo unapita hapa, maji yanapoa. Pua hii ina mafua ya mwaka mzima."

Baba Pacha alikuwa anatembea mbele na nyuma. "Sasa imekufa au haikufa?"

"Sijui bado. Ndiyo maana nipo hapa." Mama Spana aliketi juu ya gurudumu la mbele. "Sikilizeni. Ndani ya injini kuna silinda, yaani bomba nene la chuma. Pistoni hupanda na kushuka humo, kama mchi kwenye kinu. Lakini kinu hiki kimebana. Nafasi iliyopo ni nyembamba kama unywele, na oili ndiyo inayolainisha. Maji yakiisha, joto linapanda. Chuma kikipata moto hutanuka. Oili inaungua, pistoni inavimba, chuma kinashikana na chuma. Hapo injini inakaza. Wakati mwingine imeharibika yote. Wakati mwingine ni sehemu moja tu. Anayejua bila kufungua ni mganga, na mimi siyo mganga."

Alifungua zile nozeli tatu zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Katika kila tundu alimimina dizeli kidogo iliyochanganywa na oili. Kisha akafunika matundu kwa vitambaa safi.

"Tuiache inywe. Nitarudi kesho."

"Kesho?" alisema Baba Pacha. "Mawingu yale huyaoni?"

"Nayaona. Lakini hayajui kufungua injini."

Siku ile ilikuwa ndefu. Baba Pacha alikwenda shambani mara nne kutazama trekta ambalo halikuwa limebadilika. Chapchap alipiga simu mara tatu. Mjomba naye alishinda akizungumza na watu wanaotaka pikipiki. Mmoja alikubali bei, akasema atakuja Alhamisi kuichukua. Kila Mjomba alipoitaja pikipiki, Baba Pacha aliinuka akatoka nje. Mama Pacha aliliona hilo, lakini alidhani ni hasira.

Alhamisi asubuhi, Mama Spana alirudi na chuma kirefu. Alikivalisha kwenye nati kubwa iliyo mbele ya injini. Akamwita Mjomba wasaidiane.

"Polepole. Usivute kama unang'oa kisiki. Sukuma kidogo, rudisha kidogo."

Mara ya kwanza hakuna kilichosogea. Mara ya pili vilevile. Mara ya sita, nati ilisogea upana wa kidole. Wakaendelea, mbele na nyuma, mpaka injini ikazunguka mzunguko mzima, nzito kama mlango wenye kutu.

"Inazunguka," Baba Pacha alisema, na alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya trekta. "Niwashe?"

"Shuka," alisema Mama Spana. "Kuzunguka siyo kupona. Ukiiwasha sasa, itajichana ndani. Tunafungua."

Walifungua sehemu ya juu ya injini. Ilichukua saa tatu. Kila boliti iliwekwa kwenye kopo lake. Mama Spana alimulika ndani ya silinda moja moja.

"Hii ya kwanza ni nzima. Ya pili nzima. Ya tatu, tazameni." Ukuta wa silinda ya tatu ulikuwa na michubuko mirefu, kama imepitiwa na kucha za paka. "Hapa ndipo iliposhika. Pistoni hii ibadilishwe, na bomba lake. Gasketi, hiki kibati chembamba kinachoziba katikati, imeungua. Na hiki kifuniko cha juu kimepinda kidogo. Kitapelekwa kwa wachonga vyuma wakinyooshe."

"Na injini nyingine ya ng'ombe sita?" aliuliza Mama Pacha.

"Ya kazi gani? Mtu akiumwa jino moja hang'olewi kichwa."

Mama Pacha alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Lakini Mama Spana alikuwa amehamia kwenye kiti cha dereva. Alikuwa anatazama geji ya joto, kile kioo kidogo chenye mshale.

"Joto lilipopanda, geji haikuonyesha? Na kengele yake haikulia?"

"Geji ilikufa," alisema Mjomba. "Wiki tatu sasa."

Mama Spana alipitisha mkono nyuma ya geji. Aliufuata waya kwa vidole, taratibu, mpaka mwisho wake. Akauvuta nje. Ncha ya waya ilikuwa imeviringishwa utepe mweusi, vizuri, kisha ikafichwa nyuma ya bati.

"Waya huu haukukatika," alisema. "Umechomolewa kwa mkono. Nani amefanya hivi?"

Mjomba aliutazama waya bila kuelewa. Wakati huohuo simu yake ikaita.

"Ndiyo, ndugu yangu," aliitika. "Nipo. Unaweza kuja. Kadi ya pikipiki ninayo hapa hapa."

"Mwambie asije," alisema Baba Pacha.

Mjomba aliishusha simu. "Shemeji?"

"Mwambie asije. Ni mimi." Baba Pacha alikuwa amesimama bila kutikisika, mikono imening'inia. "Ni mimi niliyechomoa. Ile kengele ilikuwa inalia kila baada ya muda mfupi. Kila ikilia, unasimama. Niliona inatuchelewesha. Siku ulipokwenda kuleta dizeli, nikauchomoa waya. Uliponiuliza, nikakuambia geji imekufa."

Kwenye simu, sauti ya mnunuzi ilisikika ikiita, "Haloo? Haloo?" Mjomba aliikata.

"Siku mbili nzima," alisema Mama Pacha. Hakupandisha sauti. "Umemwona mdogo wangu akitafuta mnunuzi, ukanyamaza."

"Niliona aibu. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ikifika, naona ni vigumu kuliko jana. Kama ulidhani ni mvua inayonifanya nisikae, siyo mvua peke yake."

Mjomba aliketi chini, akaegemea gurudumu. Akafuta vidole vyake kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko vidole.

"Mimi nilijiona nimewamaliza watoto wa dada yangu," alisema hatimaye. "Sikula vizuri tangu Jumanne, shemeji."

"Najua. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini siyo leo. Leo bado inauma." Akakitupa kile kitambaa. "Na harufu ile niliisikia mwenyewe. Ningeshuka palepale, huenda isingefika hapa. Hilo ni langu."

"Ni lako," alisema Mama Spana. "Dereva ana geji, na ana pua na masikio pia. Ukisikia harufu, ukiona nguvu zinapungua, unazima. Humalizi mstari. Sasa mkishagawana makosa, mniambie, kuna kazi."

Jioni ile, kwenye meza ya kukatia nguo, Mama Spana aliwaeleza kuhusu gharama. Mama Pacha aliandika kwenye daftari lake la vipimo vya wateja.

"Kila kinachohitajika nakitaja kwa jina, na wewe unaandika," Mama Spana alisema. "Fundi akikwambia bei moja kubwa ya jumla, mwombe aivunje. Hiki kiasi gani, hiki kiasi gani, na mkono wake kiasi gani. Asiyetaka kuivunja ana kitu anachoficha. Spea mkanunue wenyewe. Ulizeni maduka mawili au matatu kabla ya kutoa hela. Nendeni na kile kifaa cha zamani mkilinganishe. Na mimi mnilipe kidogo sasa, kidogo nikishafunga, na kinachobaki trekta likishalima siku mbili bila matatizo."

"Hutaki nusu leo?" aliuliza Baba Pacha.

"Ukinipa zote leo, kesho nitatoka kitandani kwa sababu gani?"

Walikwenda madukani. Duka la kwanza lilikuwa na pistoni nene kidogo kuliko ile ya zamani. Muuzaji aliapa kuwa itaingia. Mama Pacha aliziweka zote mbili mezani, akazipima kwa utepe wake wa kushonea, akaondoka. Duka la tatu walipata ya saizi ileile, na kwa bei nafuu. Mwisho wa yote, gharama haikufika ng'ombe wawili. Waliuza ng'ombe mmoja na nusu ya mabati. Pikipiki ilibaki kwa mwenyewe.

Kazi nyingine ilikuwa ya Baba Pacha peke yake. Alikwenda kwa wateja kumi na mmoja, nyumba kwa nyumba. Aliwaambia kuwa trekta limeharibika kwa uzembe wake, na kwamba litachelewa zaidi ya wiki. Mwenye haraka alimruhusu aende kwa trekta lingine. Wanne waliondoka. Mmoja alimwambia maneno makali mbele ya watoto wake. Baba Pacha alisimama akayasikiliza mpaka yakaisha.

Jumapili mvua ya kwanza ilinyesha, na injini ilikuwa bado vipande vipande chini ya turubai. Baba Pacha alitazama maji yakitiririka uani. Aliinuka, akakaa, akainuka tena. Kisha alichukua brashi na ndoo, akaenda kusafisha rejeta, tundu kwa tundu, mpaka ukiishika mbele ya taa unaona mwanga upande wa pili.

Siku ya kumi, Mama Spana alifunga boliti ya mwisho. Alirudisha waya wa geji mahali pake. Alijaza maji na oili mpya, akamwambia Mjomba awashe. Injini ilikohoa mara mbili, ikawaka. Mshale wa geji ulipanda taratibu, ukasimama katikati.

"Siku za kwanza kazi nyepesi tu," Mama Spana aliwaambia, akipaza sauti kushinda mngurumo wa injini. "Vifaa vipya vinazoeana kama maharusi. Baada ya saa hamsini za kazi, mmwage oili hii mweke nyingine. Na kila asubuhi kabla ya kuwasha: maji, oili, rejeta, mipira. Ni dakika kumi."

Dakika zile kumi zikawa za Baba Pacha. Alfajiri kila siku alikuwa uani na kijiti cha oili mkononi. Walilima mashamba saba yaliyobaki. Udongo ulikuwa umelowa, kazi ilikuwa laini, na watu walipanda wakiwa wamechelewa kidogo tu.

Shamba la mwisho lilikuwa la mzee mmoja muuza mbao, mtu asiyependa kusubiri. Siku ile jua lilikuwa kali, na ng'ambo wingu zito lilikuwa linakuja. Sehemu iliyobaki ilikuwa ndogo. Ghafla trekta lilisimama katikati ya shamba. Kengele ilikuwa imelia. Mjomba aliipunguza injini kasi, akaiacha ingurume kidogo, akaizima, akashuka kutazama rejeta. Nyasi zilikuwa zimeanza kuziba tena.

Muuza mbao alikuja mbio, akampita Mjomba, akasimama mbele ya Baba Pacha.

"Mwambie huyo kijana wako aendelee. Imebaki mistari sita. Wingu lile linakuja."

Baba Pacha alilitazama wingu. Miguu yake ilitaka kutembea, lakini hakuondoka mahali pale.

"Mzee wangu, aliye kwenye kiti ndiye anayejua," alisema. "Akisema tusubiri, tunasubiri. Karibu uketi."

Muuza mbao alinung'unika, kisha akaketi. Mjomba alipiga brashi rejeta, akangoja ipoe, akaongeza maji polepole. Nusu saa ikapita. Baba Pacha alimpelekea chupa ya maji ya kunywa, na Mjomba akamsogezea brashi ya pili. Wakasafisha wote wawili, bega kwa bega.

Injini iliwaka mara moja. Mistari sita ilikwisha kabla tone la kwanza halijaanguka, na jioni ile muuza mbao aliomba nafasi ya kwanza kwa msimu unaofuata.